Giulio Ferrari: Mgema aliyesifiwa, tembo lake asilitie maji

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo imewapata wagema wengi, wa mnazi, wa asali na wa zabibu, lakini haikumpata Giulio Ferrari. Mtu huyu wa mji wa Trento, kaskazini mwa Italia, alisifiwa angali kijana, akatunukiwa nishani ya dhahabu mbele ya mataifa, na kwa zaidi ya miaka 40 iliyofuata akaendelea kujaza chupa chache tu kila mwaka, ingawa wateja walizitaka nyingi zaidi.

Jina lake liliingia katika nyumba za mashabiki wa michezo kuanzia mwaka wa 2021, pale madereva wa mashindano ya Formula One walipoanza kurushiana divai ya povu yenye jina Ferrari wakiwa jukwaani. Wengi walidhani ni kampuni ile ya magari mekundu iliyoamua kujaza chupa. Sivyo. Enzo Ferrari wa magari na Giulio Ferrari wa divai hawakuwa ndugu wala washirika. Jina hilo ni la kawaida mno nchini Italia, na asili yake ni uhunzi. Wakamba, ambao wahunzi wao walifua vichwa vya mishale na minyororo kabla ya reli kufika, wasingelishangaa jina la namna hiyo.

Kutoka Trento hadi Kiboko, kituo kidogo kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa katika Kaunti ya Makueni, ni mwendo wa bahari na jangwa. Hata hivyo, kazi aliyoifanya Ferrari si ngeni kabisa kwa wazee wa Kiboko. Chemchemi za hapo hutoa maji yanayopenya ardhini kutoka milima ya Chyulu, nyuki wa nyika ya Makueni hutoa asali inayosifika kote nchini, na kwa vizazi vingi vitu hivyo viwili vimekutanishwa ndani ya kibuyu ili kupata kaluvu. Asali huchanganywa na maji, kisha hutiwa tunda kavu la muratina, lile refu kama soseji, ambalo nyuzinyuzi zake huhifadhi chachu kutoka pombe ya awali. Kibuyu huwekwa mahali penye joto. Baada ya muda huanza kunong'ona, na mzee anayejua kazi yake hutega sikio kabla ya kuonja.

Mnong'ono huo ni hewa ya kaboni. Chachu hula sukari, ikaacha kilevi na hewa hiyo. Kwenye kibuyu hewa hutoka ikapotea, na kaluvu hunywewa ikiwa mbichi, siku chache tu baada ya kutengenezwa. Giulio Ferrari alitumia maisha yake yote kuifungia hewa hiyohiyo ndani ya chupa ya kioo na kuingojea.

Alizaliwa mwaka wa 1879 huko Calceranica, kando ya ziwa Caldonazzo, si mbali na Trento. Siku hizo eneo hilo halikuwa Italia. Watu walizungumza Kiitaliano, lakini mtawala wao alikuwa Kaizari Franz Joseph wa Austria na Hungaria. Mtoto Giulio alizaliwa mpakani, akakua chini ya dola moja na kuzeekea chini ya nyingine.

Masomo yake ya kilimo aliyaanzia katika chuo cha San Michele all'Adige, kilichofunguliwa mwaka wa 1874 katika bonde la mto Adige. Huo ulikuwa wakati wa msiba kwa wakulima wa zabibu barani Ulaya. Mdudu mdogo anayenyonya mizizi, aliyeletwa kutoka Marekani pamoja na miche, alikuwa amekausha mashamba ya mizabibu kutoka Ufaransa hadi Ureno. Hakuna dawa iliyofua dafu. Ukombozi ulipatikana kwa kubebesha: kikonyo cha mzabibu wa Ulaya kilipachikwa juu ya shina la mzabibu wa Kimarekani, ambao mizizi yake humstahimili mdudu huyo. Mkulima wa maembe wa Makueni anaifahamu kazi hiyo barabara, kwa kuwa embe la Apple analouza Nairobi limebebeshwa juu ya shina la mwembe wa kienyeji.

Chuo kilichoongoza elimu hiyo kilikuwa Montpellier, kusini mwa Ufaransa, na huko ndiko Ferrari alikokwenda. Alifika pia Geisenheim nchini Ujerumani, shule nyingine yenye sifa. Lakini safari iliyombadilisha ilikuwa ya Épernay, katika jimbo la Champagne, alikofanya kazi na kujifunza namna shampeni inavyotengenezwa.

Kilichomgusa, kwa mujibu wa historia ya kampuni yake, ni mfanano. Champagne ni nchi ya baridi, na zabibu zake hubaki na uchachu mwingi hata zikiiva. Uchachu huo, ambao katika divai ya kawaida ungehesabiwa kuwa kasoro, ndio uti wa mgongo wa divai ya povu. Trento haiko kaskazini kiasi hicho, lakini ina milima. Mchana jua huivisha zabibu, na usiku baridi ya vilele vya Alpi hushuka na kuuzuia uchachu usipotee. Ferrari alitambua kwamba kile ambacho Wafaransa walipewa na latitudo, kwao kingepatikana kwa kupanda mlima.

(Hapa pana swali ambalo msomaji wa Ukambani huenda akauliza: kwa nini isiwe Kiboko? Mwinuko upo, kwani Kiboko ni karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kinachokosekana ni kipupwe kikali. Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi kisha huamka. Karibu na ikweta haulali, bali hulazimishwa kwa kupogolewa. Dodoma nchini Tanzania, ambako zabibu zilienezwa na wamisionari Wakatoliki, wakulima huvuna mara mbili kwa mwaka, na divai yao ni ya jua kali, yenye mwili na utamu kuliko uchachu.)

Ferrari alirejea nyumbani akiwa na miche ya Chardonnay, zabibu nyeupe ya Ufaransa ambayo wakati huo ilikuwa karibu haijulikani nchini Italia. Anahesabiwa kuwa wa kwanza kutambua thamani yake huko na kuipanda kwa wingi. Mnamo 1902, akiwa na umri wa miaka 23, alifungua kampuni yake mjini Trento. Kwa kulinganisha, reli kutoka Mombasa iliyopita Makindu, jirani ya Kiboko, ilikuwa imefika ziwa Viktoria miezi michache tu kabla, Desemba 1901.

Haikuwa mara ya kwanza kwa Mwitaliano kutengeneza divai ya povu. Carlo Gancia wa Canelli, Piedmont, alikuwa ameanza mwaka wa 1865 baada ya kujifunza Ufaransa, lakini yeye alitumia zabibu ya Moscato, ambayo ni tamu na yenye kunukia maua. Mnamo 1895 Federico Martinotti aligundua njia ya mkato: kuichachusha divai mara ya pili ndani ya tangi kubwa lililofungwa badala ya ndani ya kila chupa. Njia hiyo, iliyoboreshwa baadaye na Mfaransa Eugène Charmat, ndiyo inayotumika mpaka leo kwa Prosecco nyingi zinazouzwa ulimwenguni. Ni ya haraka na ya bei nafuu, na kwa zabibu zenye manukato mepesi huenda ikawa ndiyo bora. Ferrari aliijua na hakuitaka.

Njia aliyoichagua ni ndefu. Zabibu huvunwa mapema kidogo, zikakamuliwa taratibu, na maji yake yakachachuka kuwa divai kavu, kali ulimini na isiyopendeza sana. Divai hiyo hutiwa chupani pamoja na chachu mpya na sukari, takriban gramu 24 kwa lita, kisha chupa hufungwa na kulazwa ubavu katika ghala la chini ya ardhi lenye ubaridi na giza. Chachu huanza kula tena. Safari hii hewa haina pa kutokea, ikayeyuka ndani ya divai mpaka msukumo ukafikia mara mbili au tatu ya ule wa tairi la gari. Ndiyo maana kioo cha chupa hizo ni kinene, na ndiyo maana zamani wafanyakazi wa maghala walivaa vinyago vya waya usoni, kwani chupa moja iliyopasuka ingeweza kuzipasua jirani zake.

Chachu ikimaliza sukari hufa. Miili yake hubaki chini kama mashapo, na hapo ndipo muda unapofanya kazi ambayo mtu hawezi kuifanya. Mwezi baada ya mwezi mashapo hayo humeng'enyeka polepole na kuipa divai harufu ya mkate uliotoka tanurini, ya lozi na siagi, na mapovu yake yakawa madogo na laini. Sheria za leo za divai ya Trento hudai angalau miezi 15 ya kulala namna hiyo. Zile za Franciacorta, eneo la Lombardia lililoibuka miaka ya 1960 kupitia kazi ya Franco Ziliani katika nyumba ya Berlucchi, hudai miezi 18. Hiyo ni kima cha chini tu, kwani chupa bora hulala miaka mingi.

Mwisho chupa huinamishwa kichwa chini kidogo kidogo, ikizungushwa kwa mkono siku baada ya siku, mpaka mashapo yote yakusanyike shingoni. Shingo hugandishwa, kizibo cha muda kikatolewa, na msukumo ukalitema bonge la barafu lenye uchafu. Pengo lililobaki hujazwa divai yenye sukari kidogo au isiyo nayo kabisa. Kiasi hicho cha sukari ndicho kinachotenganisha aina inayoitwa brut, iliyo kavu, na zile tamu. Kizibo cha kudumu hutiwa, kikafungwa kwa waya.

Ni kazi ya kuchosha, na hakuna anayeweza kuihimiza. Katika Ukambani msemo huo hauhitaji kufafanuliwa. Mnamo Mei 2014 makumi ya Wakenya walipoteza maisha katika kaunti za Embu, Kitui, Makueni na Kiambu, na wengine wakapofuka, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Kaluvu ya asali haikuwaua watu hao. Waliuawa na haraka ya wauzaji waliotaka ukali bila kungoja chachu.

Sifa zilimfikia Ferrari mapema. Mwaka wa 1906, miaka minne tu baada ya kuanza, alipata nishani ya dhahabu katika maonyesho ya kimataifa ya Milan, yaliyofanyika kuadhimisha njia ya reli iliyotobolewa chini ya milima huko Simplon. Kijana wa miaka 27, raia wa Austria, alikuwa ametuzwa katika jiji la Italia kwa divai ya mtindo wa Ufaransa. Mfanyabiashara mwingine angejenga maghala mapya siku ya pili. Ferrari alibaki na chupa zake chache. Katika miaka yote aliyoimiliki kampuni uzalishaji wa mwaka haukuvuka chupa 10,000, idadi ambayo kiwanda cha kisasa huijaza kabla ya chakula cha mchana.

Ubahili huo umeelezwa na baadhi ya watu kuwa ni kiburi, na pengine kulikuwa na chembe yake. Lakini hesabu ya divai ya povu haifanani na ya bia. Kila chupa inayolala miaka mitatu ni fedha zilizozikwa miaka mitatu. Anayetaka kuuza nyingi bila mtaji mkubwa hana budi kuzifukua mapema. Ferrari hakutaka kuzifukua mapema, kwa hiyo hakuuza nyingi.

Kisha vita vikaja. Mei 1915 Italia iliitangazia vita Austria, na Trento ukajikuta mji wa ngome nyuma tu ya mstari wa mapigano. Makumi ya maelfu ya wakazi wa jimbo hilo walihamishwa na serikali ya Austria hadi kambi za mbali, na vijana wao waliozungumza Kiitaliano walikuwa wamekwisha kupelekwa kupigana na Warusi. Mizabibu ilibaki bila wa kuipogoa. Wakati huohuo, katika nyika kati ya Tsavo na Makueni, doria za Wajerumani zililipua reli ya Uganda mara kwa mara, na maelfu ya Wakamba walichukuliwa kuwa wapagazi katika Carrier Corps, kikosi ambacho wengi wao hawakurudi kutoka kwacho. Vita vile vilikuwa vimoja, ingawa waliovipigana Alpi na waliobeba mizigo Taveta hawakujuana.

Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka wa 1919 uliikabidhi Trento kwa Italia. Ferrari, akiwa na umri wa miaka 40, akawa Mwitaliano kwa pasipoti kama alivyokuwa kwa lugha. Miaka ya kati ya vita viwili aliipitisha ghalani. Septemba 2, 1943, ndege za Mataifa ya Muungano zilishambulia Trento na kuwaua watu wapatao 200, wengi katika mtaa wa Portela karibu na kituo cha reli. Siku chache baadaye Wajerumani wakautwaa mji. Kenya nayo wakati huo ilikuwa imejaa Waitaliano, ila walikuwa mateka waliotekwa Ethiopia na Somalia. Kanisa dogo walilolijenga mwaka wa 1942 kwenye mteremko wa Mai Mahiu bado liko.

Ili kuelewa kwa nini watu wa Trento waliithamini divai ya Ferrari, yafaa kutazama walichokula. Chakula cha jadi cha milima hiyo ni polenta, na polenta ni ugali. Ni wa unga wa mahindi ya njano, husongwa kwa mwiko ndani ya sufuria ya shaba na kumwagwa juu ya ubao. Mahindi yalifika Ulaya kutoka Amerika kama yalivyofika Afrika Mashariki, na yakawa chakula cha maskini. Yakawa pia balaa. Katika karne ya 19 wakulima wa kaskazini mwa Italia, Trentino ikiwemo, walikula polenta asubuhi, mchana na jioni bila kitoweo, wakaugua pelagra: ngozi ikachubuka, tumbo likaharika, akili ikavurugika, wengi wakafa. Sababu, iliyothibitishwa baadaye sana, ni ukosefu wa vitamini ya niasini. Bibi wa Kikamba aliyepika muthokoi kwa kuchanganya mahindi yaliyokobolewa na maharagwe au mbaazi hakuwa na maabara, lakini chungu chake kilikuwa na kinga ambayo sufuria ya shaba ya Trento ilikuwa haina.

Polenta ya siku njema huliwa pamoja na jibini, uyoga wa msituni, nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, au samaki trauti kutoka vijito vya mlimani. Vyakula hivi ni vya mafuta na chumvi. Divai nyekundu nzito ingeongeza uzito juu ya uzito. Divai ya povu iliyo kavu hufanya kinyume chake: uchachu wake huyakata mafuta kama ndimu inavyoyakata ya samaki wa kukaanga, na mapovu huusugua ulimi ukawa tayari kwa tonge jingine. Chumvi nayo huulainisha uchachu. Ndiyo siri yote ya kuioanisha divai hii na chakula, na wapishi wa Italia hawaiweki tu kwa ajili ya kugonganisha bilauri arusini, bali huinywa tangu kitafunio cha kwanza hadi sahani ya nyama nyeupe.

Kanuni hiyo haihitaji Alpi. Kwenye meza ya hoteli ya Kiboko au ya nyumba yoyote kando ya barabara ya Mombasa, sambusa ya nyama iliyotoka sasa hivi kwenye mafuta ingekutana vyema na divai kavu ya Trento, kama ambavyo ingekutana kuku wa kukaanga, tilapia mzima mwenye ngozi iliyokauka, au njugu za chumvi. Kuku wa kienyeji wa kuchemshwa, mwenye mchuzi mwepesi, angeifaa divai iliyolala miaka mingi, yenye harufu ya mkate na lozi. Mbuzi wa kuchoma ni mtihani. Sehemu zenye mafuta, mbavu hasa, zitaelewana na divai hiyo zikiliwa kwa chumvi tu; kachumbari yenye pilipili itaivuruga, kwa kuwa ukali wa pilipili na mapovu huchocheana mpaka ulimi usionje kingine ila moto.

Kosa linalofanywa mara nyingi, Italia na Kenya pia, ni kuifungua chupa kavu pamoja na keki. Utamu wa chakula ukizidi ule wa divai, divai hugeuka kuwa kama siki. Embe la Makueni lililoiva vizuri lingeifanyia brut ubaya uleule. Kwa embe na keki iko divai tamu ya Moscato, ile ya urithi wa Gancia kutoka Asti. Ubaridi nao una kipimo: nyuzi 6 hadi 8 kwa chupa changa, na zaidi kidogo, hata 10 au 12, kwa iliyozeeka. Ikigandishwa kama soda harufu zote hulala, na miaka ya kungoja huwa imepotea bure.

Kiboko yenyewe ilikuwa na mzee wake wa Kizungu wa rika la Ferrari. Mskoti J.A. Hunter, aliyezaliwa 1887, alikuwa mwindaji aliyetumwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1940 kuwaondoa vifaru Makueni ili kupisha makazi ya Wakamba, akawaua takriban 1,000. Baadaye alijenga hoteli ya wasafiri kando ya maji ya Kiboko, ikaitwa kwa jina lake. Alifariki mwaka wa 1963. Vifaru wa Makueni hawakurudi.

Kwa upande wa Ferrari, hofu ya uzeeni ilikuwa kinyume: si kwamba aliondoa kitu, bali kwamba alichokipanda kingeondoka pamoja naye. Hakuwa na mtoto wa kumrithi. Ilipofika mwaka wa 1952 alikuwa na miaka 73, ghala lenye chupa zilizolala, na jina ambalo kampuni kubwa zingelinunua kwa furaha na kulitia maji kabla ya mwaka kwisha. Wanunuzi hawakukosekana. Aliyemchagua alikuwa Bruno Lunelli, mwenye duka la divai papo hapo Trento, mtu aliyezijua chupa zake kwa kuziuza.

Bei ilikuwa lira milioni 30, fedha nyingi mno kwa mwenye duka. Lunelli hakuwa nazo. Alikopa, akatia saini hati za madeni, akajifunga mwenyewe na familia yake kwa miaka. Kwa Ferrari pia ilikuwa kamari. Mtu mwenye deni hushawishika kuharakisha, na chupa zilizolala ghalani ndizo mali ya kwanza ambayo mdai huitazama. Kama Lunelli angezifukua mapema ili alipe, hakuna mkataba ambao ungemzuia mapovu kuwa makubwa na divai kuwa nyepesi.

Hakuzifukua. Aliongeza uzalishaji hatua kwa hatua, na muuzaji hakuondoka. Giulio Ferrari aliendelea kufika ghalani kila siku, akiwa sasa kama mwajiriwa katika kampuni yenye jina lake, akisimamia kazi kwa macho ya mtu asiye na hisa bali ana mengi ya kupoteza. Ni mpango usio wa kawaida katika biashara, ambako mwenye kuuza hupewa mkono wa kwaheri na kuulizwa akabidhi funguo. Kwa miaka 13 wazee hao wawili waliishi nao. Ferrari alifariki mwaka wa 1965, akiwa na umri wa miaka 85, na hakuacha kazi mpaka mwisho.

Wana watatu wa Lunelli, Franco, Gino na Mauro, waliichukua kampuni mwishoni mwa miaka ya 1960. Mauro ndiye aliyesomea divai. Alikuwa na shaka ambayo siku hizo Waitaliano wengi waliiona kuwa ya kijinga: kwamba huenda divai ya povu ya Trento ingeweza kulala muda mrefu kama shampeni kubwa za Ufaransa bila kuharibika. Inasimuliwa kwamba alianza kuweka chupa kando kimyakimya, bila kuwaambia kaka zake. Zabibu zilikuwa Chardonnay tupu, uzao wa ile miche iliyoletwa kutoka Ufaransa na kijana mmoja mwanzoni mwa karne. Mavuno yaliyochaguliwa yalikuwa ya mwaka wa 1972.

Chupa hizo zilikaa gizani miaka minane. Zilipofunguliwa mnamo 1980, divai ilikuwa hai, rangi ya dhahabu, mapovu yake madogo kama vumbi. Familia iliziuza kwa jina la Giulio Ferrari, ikaandika chini yake kwamba ni akiba ya mwanzilishi. Tangu hapo haitolewi kila mwaka, bali mavuno yakiwa mema tu, na hulala muongo mmoja au zaidi kabla ya kuuzwa.

Mwaka wa 1993 serikali ya Italia iliitambua Trento rasmi kuwa eneo la divai ya povu inayochachushiwa chupani peke yake. Mashamba ya Chardonnay yaliyozunguka mji wakati huo yalikuwa yameenea hadi miteremko ambayo Ferrari, aliyeanza na miche michache, hakuwahi kuipanda.